Kilo za Mayala

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Mwalimu Lusia alipanga viti vya plastiki katika ukumbi wa sherehe ulio nyuma ya duka la mabati, mtaa wa Kalangalala, mjini Geita. Alivifuta vumbi kwa kanga kuukuu, akaviweka viwiliviwili kuzunguka ukumbi, kisha akaweka mizani katikati na jagi la maji ya uvuguvugu juu ya stuli. Ukutani hapakukosa mapambo ya harusi ya juzi, maputo yaliyoanza kusinyaa na majina ya watu ambao pengine walishaanza kununiana. Wanachama wa Kikundi cha Tumbo Dogo hawakuzidi kumi. Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo katika hospitali ya binafsi kule Mwanza, na kila mmoja alihitaji viti viwili: kimoja cha kukalia yeye, kingine cha kukalia zile kilo zilizomtoka.

Habari ya viti haikuwa na mjadala. Kilo zikimtoka mtu lazima ziende mahali, na za hawa zilikuja kikundini. Za Benjamini, mwenye bucha, zilikuwa Benjamini yuleyule wa zamani, mnene, shingo imelowa jasho, akicheka kila kitu hata pasipo na kichekesho. Za Hosiana, karani wa mahakama, zilikuwa mama mkwe wake marehemu, ambaye enzi za uhai wake alimpakulia Hosiana mara tatu tatu na kumnunia akibakiza. Sasa alikaa na mkoba mapajani na bado amenuna. Za Mwalimu Lusia mwenyewe, aliyewatangulia wote kwenda Mwanza, zilikuwa bwana harusi mwenye suti ya kahawia ambaye miaka mingi iliyopita hakutokea kanisani. Mwalimu alimmiminia maji kama alivyowamiminia wengine, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mbuke aliingia kikundini akiwa na shaka na kila alichokiona. Alishuku mizani, kwa sababu ile ya nyumbani ilisema jambo jingine. Alishuku maji, akaja na chupa yake. Zaidi ya yote alimshuku Mwalimu Lusia. Kila mwanachama mpya hupewa mwenza wa kumtia moyo, na Mbuke alipewa Mwalimu, ambaye alimpigia simu kila asubuhi kabla hata jua halijawa na nguvu. "Umeamkaje, Mama Nelly? Umeshapiga mafunda yako ya maji? Uji umekaa au umerudi?" Sauti ilikuwa tamu, na Mbuke hakuwahi kuona mtu akimhurumia mwenzake kila siku bila kuwa na lake jambo.

Mbuke mwenyewe hakujiunga kwa hila, alikuwa na sababu. Mumewe, Sostenes, alikuwa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, na katika nchi hiyo mwili wa mke wa mwenye duara ndio tangazo la mumewe. Kwa miaka Mbuke alinenepa na watu wakamsifu Sostenes. Kisha ikaja presha, ikaja sukari, magoti yakagoma, na daktari akamwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo hatamwona binti yake Nelly akimaliza shule. Akaenda Mwanza akakatwa. Sasa aliporudi akiwa anapungua, mji mzima ulimtazama kwa jicho la pembeni. Sokoni walinong'ona kwamba mwenye duara amemtoa mkewe kafara, dhahabu imeanza kumla polepole. Wauza nyanya walimrudishia chenji bila kumgusa mkono. Kikundi ndicho mahali pekee alipoweza kusema kwamba amekunywa vijiko vitatu vya supu na watu wakampigia makofi, kwa hiyo alikwenda, shaka na yote.

Wiki za kwanza kiti chake cha pili kililia tu, kama vile mtu amekikalia kwa uangalifu. Halafu likaonekana vumbi jekundu kwenye kikalio. Halafu, Jumamosi moja alipopanda mizani na kusomewa, yakaonekana mabuti ya mpira, yamekaa wima sakafuni mbele ya kiti, la kushoto likiwa na kiraka cha mpira wa baiskeli.

"Jamani, tuzipigie makofi kilo za Mama Nelly," alisema Mwalimu Lusia. "Zimeanza kusimama."

Walipiga makofi. Mbuke naye alipiga, macho yakiwa sakafuni. Mabuti yale aliyajua. Kiraka kile alikibandika yeye, kwa gundi ya fundi baiskeli, akaweka jiwe juu yake hadi kikauke. Yalikuwa mabuti ya mdogo wake, Mayala.

Mayala alichimba katika duara la Sostenes huko nje ya Bugarama, enzi ambazo Mbuke na mumewe walikuwa bado wanaishi palepale machimboni, katika nyumba ya mabati. Siku moja Sostenes alirudi nyumbani akasema Mayala amesikia dhahabu mpya imetokea Chunya, ameondoka na wenzake bila kuaga, vijana ndivyo walivyo. Tangu hapo hapakuwa na simu wala salamu. Mama yao, aliyekuwa Kagongwa na shamba lake la mpunga, alipiga kila Jumapili baada ya ibada na kuuliza neno lilelile, "Mayala kapiga?" Mbuke alijibu bado. Alitaka kitu kimoja tu, kujua mdogo wake yuko wapi, na alikuwa amekitaka kwa muda mrefu hata kikawa sehemu ya mwili.

Hakumwambia mtu kuhusu mabuti isipokuwa mwenza wake, kwa sababu kikundi kinataka mtu asimfiche mwenza wake lolote. Mwalimu Lusia alimsikiliza hadi mwisho. "Usiogope," alisema. "Kila mtu hutokwa na alichokuwa nacho. Wewe piga mafunda yako."

Mbuke akawa mkali wa kufuata masharti kuliko mwanachama yeyote. Wengine waliiba soda, wengine walikiri vitumbua, Benjamini alikiri nusu kilo ya maini. Mbuke alikunywa uji mwepesi na supu iliyochujwa, akameza vidonge vyake, akatembea hadi njia panda na kurudi. Wenzake walidhani anataka urembo. Hakuwa na haja na urembo, alikuwa anamtoa mdogo wake. Wiki moja yalikuja magoti ya suruali iliyochanika, nyingine ikaja mikono yenye kucha zilizovunjika, nyingine kifua, na kila Jumamosi tope jekundu lilizidi chini ya kile kiti hata Mwalimu akaanza kutandika gazeti.

Nyumbani Sostenes alikuwa mpole kupita kiasi. Alimuuliza mkewe kama amechoka, akamletea maziwa ya mtindi, akamwambia ale. "Utakwisha, Mama Nelly. Watu wananisema." Alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mbuke alimtazama akipakua na moyo ukamwambia huyu mtu anataka kilo zirudi zilikotoka. Akajilaumu kwa wazo hilo, kisha akamwaga mtindi kwenye migomba.

Uso ulikuja Jumamosi ya mvua. Ulikuwa uso wa Mayala, na tochi ya kichwani bado imewaka, mwanga hafifu wa betri iliyochoka. Benjamini mnene alisogeza kiti kidogo kumpa nafasi ya miguu. Mama mkwe wa Hosiana alimtazama mabuti yake na kuguna.

"Shikamoo, dada," alisema Mayala.

"Marahaba. Umetoka Chunya?"

"Chunya sijafika."

"Basi ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa nakula kwako."

Mayala alilitazama jagi la maji, lakini hakuomba. Akaeleza bila haraka, kama mtu anayesimulia safari. Matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, zilikatika yeye akiwa chini peke yake. Alisikia wenzake wakigonga kwa juu, naye akagonga kwa chini. Alisikia shemeji akiwaambia wasubiri kwanza, kwa sababu mwamba wenye dhahabu ulikuwa umeonekana asubuhi ileile, na habari ikifika kwa wakaguzi eneo lote litafungwa. Walisubiri. Aliendelea kugonga. Kisha alisikia shemeji akisema wafukie, wafungue mdomo mwingine pembeni.

"Na chakula?" aliuliza Mbuke, ingawa alikuwa ameshaelewa.

Wachimbaji wote wanajua habari ya chakula. Mwenye duara huwalisha watu wake hadi dhahabu ipatikane, na mkewe ndiye hupika. Sahani zinakuwa kwa idadi ya walioshuka siku ya kwanza, na duara likishaanza kutoa, sahani haipunguzwi, maana dhahabu huhesabu midomo. Chakula cha duara hakimwagwi, hapewi mbwa wala jirani. Kikibaki anakula aliyekipika. Mayala alipoondoka, Sostenes alimwambia mkewe asipunguze sahani, na Mbuke alifurahi, akaona mumewe anamwekea shemeji yake nafasi ya kurudi. Alipakua ugali wa Mayala kila siku, akaufunika kwa kawa, akangoja, na jioni akaula yeye juu ya ule wake. Walipojenga na kuhamia Kalangalala, sahani ilihama nao. Miaka yote ile alikuwa amekula riziki ya mdogo wake hadi ya mwisho, na mwili ukaiweka kwa uaminifu.

"Kilikuwa kitamu," alisema Mayala. "Siku za dagaa hasa."

"Tumpe makofi," alisema Mwalimu Lusia, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Wakampa.

Mbuke aliondoka naye kwa bajaji. Dereva hakuuliza, ila alilalamika kidogo kuhusu tope. Sostenes alikuwa sebuleni akitazama mpira. Aliwaona wakiingia, akapunguza sauti ya televisheni.

"Karibu, shemeji," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Kumbe zimeshafika mpaka mdomo."

Hapo Mbuke alijua kwamba mumewe alikuwa anahesabu naye. Asubuhi simu ya Mwalimu Lusia ilipolia, hakungoja salamu. "Ulimwambia Baba Nelly?"

"Nilimwambia tangu mabuti," alijibu Mwalimu. "Mume anatakiwa ashirikishwe, Mama Nelly, ndivyo tulivyofundishwa Mwanza. Asiposhirikishwa anavuruga maendeleo. Alifurahi sana. Kila Jumamosi jioni alinipigia mwenyewe kuuliza umefikia wapi. Umeshakunywa maji?"

Mbuke alikata simu. Alikuwa amemshuku yule mama tangu mwanzo na alikuwa amemshuku kwa haki, lakini haikumsaidia chochote kuwa na haki. Aliumia zaidi kwa sababu Mwalimu hakuwa na ubaya. Angekuwa na ubaya angalau ingekuwa rahisi kumtukana.

Jumatatu alimpeleka Mayala kwa mtendaji wa mtaa. Mtendaji alikuwa kijana mstaarabu, aliwaamkia wote wawili na kumvutia Mayala kiti.

"Aliyepotea ni nani?"

"Ni huyu," alisema Mbuke.

Mtendaji alimtazama Mayala, naye Mayala alimtazama. "Huyu yupo, mama."

"Hizi ni kilo zake. Mwenyewe yuko chini ya ardhi, Bugarama. Nataka afukuliwe tukamzike kwao."

Mtendaji alieleza kwa upole. Kufukua duara kunataka kibali, kibali kinataka taarifa ya kifo, taarifa ya kifo inataka kwanza mtu aripotiwe amepotea, na mtu aliyepotea hawezi kuja ofisini akaketi. Kama marehemu angekuwa hajarudi kabisa, alisema, jambo lingekuwa jepesi. Akampa Mayala mkono wakati wa kuagana, kisha akajifuta tope kwa karatasi.

Jumapili ya kwanza Mbuke alimjibu mama bado, kwa mazoea; iliyofuata mama alipiga tena. "Mayala kapiga?"

"Yupo hapa, mayu. Ila njoo mwenyewe."

Alifika kesho yake kwa basi la kwanza kutoka Kagongwa, na kuku miguuni. Alikuwa mama mfupi, mkavu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na kilo za kupoteza. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimvua Mayala tochi, akamshika masikio, akambana bega, akapima paja lake kwa viganja kama anavyopimwa mtoto wa kliniki.

"Hizi ni kilo za mwanangu, ndiyo," alisema. "Sasa mwanangu yuko wapi?"

"Nitakuonyesha, mayu," alisema Mayala.

Sostenes alijitolea kuwapeleka. Hakukataa, na hilo ndilo lililomtia Mbuke mashaka njia nzima. Mayala alikaa mbele, mama na Mbuke nyuma. Kwa heshima ya Kisukuma mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, na siku ile Sostenes aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili, hata kioo cha ndani alikigeuza kitazame paa. Gari lilikuwa limelalia upande wa Mayala tangu Kalangalala. Mama aliuliza bei ya mpunga Geita. Sostenes akajibu, akiitazama barabara.

Walipokaribia Bugarama waliacha lami na kuingia njia ya vumbi. Mbuke aliijua kila kona, ila mwisho wake hakuujua. Palipokuwa na mdomo wa duara la kwanza, ambapo alikumbuka udongo mtupu na majani, sasa palikuwa na sakafu pana ya zege, na juu yake karasha, mashine ya kusaga mawe, ikinguruma na kutoa vumbi jeupe. Zege lilikuwa bado na rangi ya upya.

Mayala alishuka, gari likanyanyuka upande. Alitembea hadi katikati ya zege, karibu na mkanda wa mashine, akasimama hapo na kuangalia chini. Wachimbaji walimpisha. Wengine walimjua, wakamsalimia kwa jina.

Msimamizi wa karasha, Maduhu, mtu mzima mwenye kofia ya chuma, alikuja akamwinamia mama na kumwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Zege hili mmelimwaga lini?"

Maduhu alimtazama Sostenes, kisha akaona hakuna sababu ya kudanganya. "Si zamani. Bosi alikuja mbiombio, akasema huko Geita yameshafika magoti."

Mbuke alisikia neno hilo likimwingia chini ya kovu. Kila kijiko alichojinyima, kila hatua hadi njia panda, ilikuwa ikimwambia mumewe harakisha. Alimgeukia Sostenes, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwita kwa jina lake.

"Sostenes. Mfukue mdogo wangu."

"Kibali hakuna," alisema Sostenes. "Umeshaambiwa. Na hii mashine inalisha watu wengi, Mama Nelly. Inamsomesha Nelly. Inawalipa hao madaktari wako." Sauti yake haikuwa ya ukali. "Shemeji mwenyewe yupo. Anakaa kwetu, anakula kwetu. Mimi sijamfukuza."

Mbuke aliokota sululu iliyoegemezwa kwenye rundo la mawe. Alikuwa mwepesi sasa, magoti hayakumuuma, na aliiinua juu vizuri kuliko alivyotarajia. Alipiga zege mara moja, likatoa cheche na alama nyeupe isiyozidi ukucha. Akapiga tena na tena hadi jasho likamtiririka na pumzi ikamkatikia. Hakuna aliyemzuia. Mwili ambao zamani ungeweza kuipa sululu uzito ulikuwa umesimama pembeni umevaa mabuti, nao ulikuwa hauwezi kuinua kitu.

Mama akamwondolea sululu mkononi, akailaza chini. "Basi," alisema. "Tutamlilia hapahapa."

Alikaa kwenye zege, akanyoosha miguu, akafungua kilemba. Mbuke akakaa kando yake. Mama alianza kumwita mwanawe kwa Kisukuma, kwa majina yote aliyompa tangu akiwa mgongoni, na Mbuke akaitikia. Karasha ilikuwa inawafunika sauti. Maduhu aliona si vizuri, akaizima. Wachimbaji walivua kofia na kusimama kimya, mmoja wao akafuta macho kwa kiganja cha glavu. Sostenes naye alivua kofia. Alisimama nyuma ya mama mkwe wake, mahali ambapo hapakuwa na hatari ya kumwona uso, na alionekana kusikitika.

Walilia hadi sauti zikakauka. Hakuna aliyewaharakisha. Sostenes alingoja muda ambao mtu yeyote angekubali kwamba unatosha, na juu yake akaongeza kidogo. Kisha akavaa kofia na kumpa Maduhu ishara ya kichwa. Mashine ikawashwa, na Mayala akasogea pembeni hatua moja ili mkanda usimnase.